Picha pana ya anamofiki kwa kamera ya kawaida: imebanwa wapi, na nani ataikunjua?

Watu watatu wenye kamera za aina moja wanaweza kusema wamerekodi picha pana, na kila mmoja akawa amefanya jambo lake. Wa kwanza amerekodi kama kawaida, kisha kwenye kompyuta akafunika juu na chini kwa mikanda myeusi. Wa pili ameingia kwenye menyu ya kamera, akachagua 16:9, yaani mapana 16 kwa kimo 9, akabonyeza rekodi. Wa tatu amefunga kioo cha ziada mbele ya lenzi, kioo kinachoibana picha kabla haijaingia ndani ya kamera. Kazi zao zikionyeshwa kwenye televisheni pana ya siku hizi, zote zitaijaza skrini, na mtazamaji ambaye hakuambiwa atadhani zimetoka njia moja.

Hazijatoka njia moja, na tofauti yake inaonekana ukizitazama sawasawa. Wengi wanaoingia kwenye upigaji wa anamofiki, yaani wa kuibana picha kwa mapana kwa kioo na kuinyoosha baadaye, wawe na kamera ya zamani ya kanda au simu ya mwaka huu, wanachanganyikiwa kwa sababu mambo haya matatu yanaitwa kwa majina yale yale. Ukitaka kuyatenganisha, uliza maswali mawili kila unapokutana na picha pana: imebanwa kabla ya kufika kwenye kihisi cha kamera, ile sehemu inayopokea mwanga, au baada yake? Na kama imebanwa, nani atakayeikunjua, yaani kuirudisha kwenye mapana yake?

Hesabu ya 4 kwa 3

Tuanzie kwenye kamera za kanda ndogo za MiniDV, maana ndizo zilizoleta kizungumkuti hiki nyumbani kwa mtu wa kawaida. Mfumo wa DV ulitoka mwaka 1995 ukiwa na fremu ya ukubwa mmoja tu. Kwa PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, fremu ina pikseli 720 kwa mapana na mistari 576 kwa kimo. Marekani na Japani walikuwa na NTSC, 720 kwa 480. Namba hizo hazibadiliki hata ukichagua picha pana, kwa sababu kanda haina nafasi ya ziada pembeni. Picha ya 16:9 ikitaka kukaa kwenye kanda hiyo ina njia mbili. Inaweza kukaa katikati, juu na chini pakabaki peusi. Au inaweza kubanwa kwa mapana mpaka itoshe kwenye pikseli 720, kisha ikanyooshwa wakati wa kuonyeshwa.

Katika njia hiyo ya pili, pikseli zenyewe ndizo zinazohesabiwa kuwa na umbo jingine. Picha ya kawaida ya PAL ina pikseli pana kidogo kuliko kimo chake, takriban 1.07 kwa 1. Picha pana ina pikseli za 1.42 kwa 1. Idadi ni ile ile, data ni ile ile, ila kila pikseli inavutwa zaidi kwa pembeni pale inapofika kwenye skrini. DVD nayo inafanya hivyo hivyo: diski ya filamu ya 16:9 ina fremu ya 720 kwa 576 kama diski ya 4:3, umbo la televisheni za zamani, pamoja na alama inayoiambia mashine ya kuchezea ivute picha. Ndiyo maana kwenye majalada ya DVD utakuta neno anamofiki hata kama hakuna lenzi ya anamofiki iliyohusika popote katika kuitengeneza.

Sasa weka namba moja kichwani: 4 gawanya kwa 3 ni 1.33. Ukizidisha uwiano wa 4:3 kwa 1.33 unapata 16:9 kamili. Kwa hiyo kamera yenye kihisi cha 4:3 ikipata kioo kinachobana mapana kwa 1.33, inatoa picha ya 16:9 bila kupoteza mstari hata mmoja. Adapta, yaani vioo vya kufungwa mbele ya lenzi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera hizo zilibana kwa 1.33 kwa sababu hiyo. Namba hii itarudi tena tutakapofika kwenye simu.

Gharama ya mikanda myeusi, na ya menyu

Mtu wa kwanza, yule wa mikanda myeusi, ameitupa robo ya picha yake. Kati ya mistari 576 amebaki na 432. Kwa pikseli, ameshuka kutoka 414,720 hadi 311,040. Na hicho kilichobaki kikipelekwa kwenye televisheni pana itabidi kikuzwe ili kijaze skrini, na ukuzaji hauzai undani ambao haukurekodiwa.

Mtu wa pili anadhani amekwepa hasara hiyo. Menyu imemwonyesha 16:9, picha ndani ya kitazamio imebadilika, kanda imeandikwa alama ya picha pana. Lakini kwenye kamera nyingi za bei nafuu za miaka ile, kihisi kilikuwa cha 4:3 tu. Kamera ilichukua mistari 432 ya katikati, ikaivuta kwa kimo mpaka ikawa 576, kisha ikaiandika kwenye kanda. Undani wa robo moja umepotea pale pale, na mistari iliyojazia ni ya kukisiwa. Kuna faida ndogo: data ya kanda, megabiti 25 kwa sekunde, haitumiki kuhifadhi weusi. Hata hivyo mimi ningechagua kurekodi 4:3 nzima na kukata baadaye, kwa sababu ukikata mwenyewe unaweza kuisogeza fremu juu au chini. Kichwa cha bibi harusi kilichokaribia kukatwa kinaokolewa. Kamera ikikukatia, imekata.

Kulikuwa na kamera zilizofanya jambo hili kwa haki. Canon XL2 ya mwaka 2004 ilikuwa na vihisi vyenye mapana ya kutosha: katika 16:9 ilitumia pikseli takriban 960 kwa mapana na mistari yote 576, kisha ikabana mapana hayo kielektroniki yaingie kwenye 720. Sony PDX10 nayo ilikuwa na vihisi vyenye pikseli za akiba pembeni. Utajuaje kamera uliyoshika ni ya kundi gani? Iweke kwenye stendi, itazame ukuta wenye mlango, ukariri kilichopo kwenye kingo nne za picha. Badilisha kutoka 4:3 kwenda 16:9. Kama umeona zaidi kulia na kushoto, kihisi kina mapana ya kweli. Kama pembeni pamebaki vile vile na kilichobadilika ni juu na chini kupungua, kamera inakata na kuvuta. Jaribio hili halihitaji kitabu cha maelekezo, na bado lina faida kwa anayenunua kamera ya mtumba leo.

Kioo kinachobana

Mtu wa tatu ametumia njia ya zamani kuliko televisheni zenyewe za majumbani. Mfaransa Henri Chrétien, mtaalamu wa elimu ya nyota, alitengeneza miaka ya 1920 kioo alichokiita Hypergonar, kilichobana picha kwa mapana mara mbili wakati wa kupiga na kuikunjua wakati wa kuonyesha. Huyu ndiye Chrétien yule yule ambaye pamoja na Mmarekani George Ritchey alibuni muundo wa darubini unaotumika kwenye darubini ya angani ya Hubble. Uvumbuzi wake wa sinema haukupata soko kubwa kwa miaka mingi. Mwaka 1953, televisheni ilipokuwa ikiwaondoa watu kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kampuni ya 20th Century Fox iliutoa kwa jina la CinemaScope, na filamu ya kwanza kuonyeshwa kwa mfumo huo, The Robe, ilizinduliwa New York mwezi Septemba mwaka huo. Faida ilikuwa kwamba filamu ile ile ya milimita 35, kamera zile zile na projekta zile zile zilitoa picha pana mno kwa kuongeza kioo tu.

Kioo chenyewe kinafanyaje? Lenzi ya kawaida imejipinda sawasawa pande zote, hivyo inakuza au kupunguza kila upande kwa kiasi kimoja. Kioo cha anamofiki kimejipinda upande mmoja tu, kama ubavu wa chupa ya soda: mwanga unaopita unakunjwa kwa ulalo, na kwa wima unapita kama ulivyo. Adapta ina angalau vioo viwili vya namna hiyo, cha mbele kinachotawanya na cha nyuma kinachokusanya, vikifanya kazi pamoja. Matokeo ni kwamba kamera inaona zaidi kwa pembeni bila kuona zaidi juu na chini. Kwenye kitazamio watu wanaonekana wembamba na warefu, na mpira unasimama kama yai. Hilo ni sahihi, liache hivyo.

Kwa mwenye MiniDV, hapa ndipo hesabu inapomlipa. Mistari 576 yote imetumika, na kila mmoja umebeba mandhari halisi. Pikseli 720 zimesambazwa kwenye mapana makubwa zaidi, kwa hiyo kwa ulalo undani umetawanyika kidogo, ila hakuna kilichokatwa wala kukisiwa. Panasonic walitengeneza AG-LA7200 kwa ajili ya kamera yao ya DVX100, ambayo ilitoka mwaka 2002 ikiwa na vihisi vya 4:3. Century Optics na Optex nao walikuwa na adapta zao za 1.33. Kwa miaka michache, kabla kamera za vihisi vipana hazijashuka bei, hii ndiyo iliyokuwa njia bora ya kupata 16:9 kamili kwa mtu asiye na bajeti ya kituo cha televisheni.

Fokasi, mahali wengi wanapokata tamaa

Nimeona watu wakinunua adapta hizi, wakapiga mara moja, wakaziweka kabatini. Karibu kila mara sababu ni fokasi, na ni sababu inayoelezeka.

Adapta ina fokasi yake na lenzi ya kamera ina yake. Umbali kati ya vile vioo viwili vya anamofiki ndio unaoamua ni umbali gani wa mandhari utakaokuwa mkali kwa ulalo. Kwa wima, lenzi ya kamera inafanya kazi peke yake. Vitu hivi viwili visipokubaliana, utaona jambo la ajabu: nguzo za wima zimekuwa kali huku kingo za paa zina ukungu, au kinyume chake. Ukigeuza fokasi ya kamera, zile zilizokuwa kali zinapoteza ukali na nyingine zinapata. Hakuna mahali pa katikati panaporidhisha. Kamera haijaharibika; unaona fokasi mbili zinazopishana.

Lenzi za zamani za projekta, kama zile za Kowa, Sankor na Isco ambazo wapiga video wamezigeuza kuwa adapta, zina pete yake ya fokasi. Unaweka umbali kwenye lenzi ya kamera, kisha umbali ule ule kwenye adapta, na mhusika akisogea unageuza zote mbili. Kwa mazungumzo ya watu waliokaa hilo linawezekana. Kwa mtoto anayekimbia, sahau. Ndiyo maana baadaye vikatengenezwa vifaa vya kufungwa mbele ya adapta, vyenye vioo viwili vinavyosogeleana, ili pete moja ifanye kazi ya zote: unaweka kamera na adapta kwenye umbali usio na mwisho, kisha hugusi tena, unageuza kifaa cha mbele tu.

Adapta za MiniDV zilizotajwa hapo juu hazina pete. Zimefungwa kiwandani ziwe kali kwa mbali, na zinategemea kina kirefu cha fokasi cha vihisi vidogo kufunika tofauti. Zinakwenda vizuri kamera ikiwa kwenye upana, mhusika akiwa mita tatu nne, na tundu la lenzi likiwa limefungwa kiasi, f/5.6 hivi. Ukivuta zumu mpaka mwisho, au ukifungua tundu kwenye giza, ukali unaanza kufa. Mtu anayezijua adapta hizi anasogea kwa miguu na kuiacha zumu.

Kwa picha za karibu kuna dawa ya zamani na ya bei ndogo: dayopta, kioo cha kukuza kinachofungwa mbele kabisa. Kazi yake inatabirika kwa hesabu. Dayopta ya nusu, yaani +0.5, inaigeuza fokasi ya mbali kabisa kuwa mita 2. Ya +1 inaigeuza kuwa mita 1. Adapta inaendelea kuamini inatazama mbali, kumbe anayepigwa picha amekaa mita mbili mbele yake, na fokasi zote mbili zinakubaliana tena. Kama una fedha ya kununua nyongeza moja tu baada ya adapta, nunua +0.5 inayoienea adapta kwa mbele. Uso wa mtu anayezungumza unapigwa kwenye umbali huo huo, na huko ndiko hadithi nyingi zinakokaa.

Tatizo la karibu lina sura nyingine iliyowasumbua hata Hollywood. Kwenye lenzi za mwanzo za CinemaScope, nguvu ya kubana ilipungua kadiri mhusika alivyosogea kwenye kamera. Projekta ikakunjua kila kitu kwa mara mbili kamili, hivyo uso uliobanwa pungufu ukatoka umenenepa. Waigizaji hawakufurahi, na tatizo lile likapewa jina la ugonjwa wa matubwitubwi. Robert Gottschalk na kampuni ya Panavision walijenga jina lao kwa sehemu kubwa kwa kulitatua. Ukiona uso umetanuka kwenye picha yako ya karibu wakati picha za mbali ziko sawa, ndiyo hiyo, na unaweza kupunguza kiasi cha kukunjua kwa kipande hicho peke yake. Kazi ambayo mwaka 1953 ilihitaji lenzi mpya leo ni namba moja kwenye programu ya kuhariri.

Kunyoosha kioo

Adapta inaweza kuzunguka, na ikizunguka hata kidogo inabana kwa mshazari. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuizungusha picha baadaye, kwa sababu picha imepindishwa: nguzo zinaegemea upande mmoja huku sakafu ikiegemea upande mwingine. Linyooshe kabla ya kurekodi. Weka kamera sawasawa kwenye stendi, mwambie mwenzako asimame mbele na tochi ya simu. Vioo vya anamofiki vinatoa mchirizi mrefu wa mwanga, mara nyingi wa buluu, unaokata picha kwa ulalo. Zungusha adapta mpaka mchirizi ule ulale sambamba na ukingo wa chini wa fremu, kisha kaza. Kama adapta yako haitoi mchirizi wa kutosha, ukuta wa vigae unafanya kazi hiyo hiyo. Rudia kila unapoifungua na kuifunga, na hasa baada ya safari ya bodaboda.

Angalia pia pembe za picha. Lenzi ikiwa pana kupita kiasi, ukuta wa ndani wa adapta unaingia kwenye fremu na pembe zinakuwa nyeusi. Vuta zumu kidogo mpaka ziishe. Kwenye kamera za kubadilisha lenzi, zile lenzi za projekta zinahitaji lenzi ndefu nyuma yake. 50 milimita ni mahali pa kuanzia, na lenzi pana ya 24 itakuonyesha bomba tupu.

Kukunjua

Picha imefika kwenye kompyuta, watu wembamba. Programu za kuhariri zina mahali pa kuiambia klipu umbo la pikseli zake. Kwa DV ya PAL iliyopigwa kwa adapta ya 1.33, chagua PAL ya picha pana. Utakuta programu za zamani zikitumia 1.42 na nyingine 1.46, ya kwanza inatoa fremu yenye mapana ya 1024, ya pili 1050. Tofauti inatokana na namna ya kuzihesabu pikseli chache za pembeni ambazo televisheni za zamani hazikuzionyesha. Ama hii ama ile, ila usizichanganye ndani ya mradi mmoja.

Kwa kamera za kisasa, hesabu ni fupi. Klipu ya 1920 kwa 1080 iliyobanwa kwa 1.33 unaweza kuivuta mapana yawe takriban 2554, kimo kikibaki 1080. Au unaacha mapana 1920 na kupunguza kimo kiwe 812. Njia ya kwanza inatunza kila mstari, ya pili inakupa faili jepesi linaloingia kwenye fremu ya kawaida likiwa na weusi wa mistari 134 juu na 134 chini. Fanya hivyo kabla ya kuandika majina na maelezo, la sivyo maandishi nayo yatavutwa.

Pima kwa macho. Tafuta kitu cha mviringo kilichokutazama moja kwa moja: gurudumu, saa ya ukutani, sahani. Kikiwa mviringo kamili, umekunjua sawa.

Leo kihisi kimeshakuwa kipana

HDV, mfumo uliotangazwa mwaka 2003, ulianza na 16:9 moja kwa moja. Katika muundo wake wa mistari 1080, kanda ilihifadhi pikseli 1440 zilizovutwa ziwe 1920, yaani kubanwa kwa 1.33 tena, mara hii kielektroniki na bila kukata chochote. Baada ya hapo, karibu kamera na simu zote zikawa zinarekodi video ya 16:9. Mtu ana haki ya kuuliza: kioo cha nini tena?

Ukali si sababu tena, na wauzaji wanaoendelea kuitaja wanampotosha mnunuzi. Kamera ya 4K ina fremu ya 3840 kwa 2160. Ukiikata kwa mikanda myeusi ifikie uwiano wa sinema wa 2.39, yaani mapana mara 2.39 ya kimo, unabaki na mistari takriban 1607. Hiyo ni karibu mara nne ya ile 432 ya MiniDV. Hakuna mtazamaji atakayelalamika.

Kinachobaki ni namna picha inavyoonekana, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha ukiijua kabla ya kulipa. Kwanza, pembe ya kutazama. Kioo kinapanua pembeni bila kubadilisha ukubwa wa mtu kwa kimo, hivyo uso unabaki mkubwa na barabara nzima inaingia nyuma yake. Pili, mchirizi wa mwanga. Tatu, taa zilizo nje ya fokasi zinakuwa duaradufu zilizosimama, kimo chake kikizidi mapana yake kwa kadiri ya nguvu ya kubana. Kwa lenzi za mara mbili umbo hilo linaonekana wazi. Kwa 1.33 haligeuki sana, na anayenunua adapta ya 1.33 akitarajia zile duaradufu alizoziona kwenye filamu za Hollywood hatazipata.

Uwiano unaotoka pia unategemea kihisi. Kioo cha 1.33 kwenye 16:9 kinatoa 2.37, karibu kabisa na 2.39 ya sinema. Kioo cha mara mbili kwenye 16:9 kinatoa 3.56, utepe mwembamba ambao lazima uukate pembeni, na ukikata umerudi kutupa pikseli. Kioo hicho hicho kinahitaji kihisi cha 4:3, na ndiyo maana Panasonic walipoiongezea kamera yao ya GH4 hali ya kurekodi 4:3 kwa ajili ya anamofiki mwaka 2015, wenye lenzi za zamani za projekta walifurahi. Tangu 2020, lenzi kamili za anamofiki za bei ya chini, kama zile za kampuni ya Kichina ya Sirui, zimemwondolea mpigaji tabu ya fokasi mbili: ni lenzi moja, pete moja.

Kwa simu, mfano unaojulikana ni filamu ya Tangerine ya Sean Baker, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2015. Ilipigwa kwa iPhone 5s zilizofungwa adapta za 1.33 za Moondog Labs, na programu ya FiLMiC Pro ikadhibiti fokasi na mwanga. Hilo la programu lina uzito zaidi leo kuliko wakati ule. Simu za sasa zina lenzi mbili au tatu, na programu ya kawaida ya kamera inaweza kuhamia lenzi nyingine bila kukuuliza, mwanga ukipungua au mhusika akisogea, wakati kioo chako kimefungwa mbele ya moja tu. Tumia programu inayokuruhusu kuifunga lenzi moja. Jaribu pia kurekodi huku kituliza mtikisiko cha kielektroniki kimezimwa; kinakisia mwendo wa picha kana kwamba haijabanwa, na kingo zinaweza kuyumba kama maji.

Kabla ya kununua, fikiria mahali kazi yako itakapotazamwa. Kwenye simu iliyoshikwa wima yenye mapana ya pikseli 1080, picha ya 2.39 inapata kimo cha mistari 452 tu. Ya 16:9 inapata 607. Kama watazamaji wako ni wa video za wima, pesa ya kioo itafanya kazi zaidi ukiinunulia maikrofoni.

Kanda zilizokaa makabatini

Kuna jambo moja linalowahusu wanaohamisha kanda za zamani kwenda kwenye faili, kazi inayoendelea katika studio nyingi ndogo. Mtu aliyechagua 16:9 kwenye menyu aliacha alama kwenye kanda, na programu ya leo itaisoma na kuikunjua picha. Mtu aliyetumia kioo hakuacha alama yoyote, kwa sababu kamera haikujua kwamba mbele yake kuna kioo. Kanda yake inasema 4:3. Ikihamishwa, wageni wote wa harusi wanatoka wembamba, na fundi asiyejua anadhani ndivyo ilivyorekodiwa, au anakata juu na chini ili ijaze skrini, na hapo ile robo iliyookolewa kwa kioo mwaka 2003 inapotea.

Ihamishe kwa waya wa FireWire ili data ya kanda ije kama ilivyo, 720 kwa 576, bila kuivuta wala kuikata. Kisha badilisha alama ya uwiano peke yake. Kwa ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa kuandika amri, amri ni -aspect 16:9 ikifuatana na -c copy, ukihifadhi kwenye faili la MOV au MKV. Picha haiandikwi upya, kazi inaisha kwa dakika chache, na faili la asili linabaki zima kwa atakayelihitaji baadaye. Kwenye jina la faili andika "kioo 1.33" ili atakayelifungua ajue kwa nini kanda yenyewe inasema 4:3.